Picha Nyeusi ya Wasini

Mwabungo, Ijumaa, 4 Aprili 2025

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya wateja, na kurasa tatu za mwanzo ni viuno na mabega ya watu. Kuanzia leo wateja watanisamehe.

Baada ya swala ya Ijumaa Shangazi Hasina aliniita kwake, hatua chache kutoka kibanda changu cha cherehani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Niletee ile picha ya Nadhira."

Hakuhitaji kusema ipi, maana iko moja tu. Shangazi Nadhira, mdogo wake, tuliyemzika Oktoba, hakupenda kupigwa picha. Akiona kamera huziba mdomo kwa leso au hugeuka akatazama ukuta. Kitambulisho chake kilichukuliwa tulipokwenda kuandikisha kifo. Simu yake ilikuwa kabambe isiyo na kamera. Imebaki hiyo niliyompiga mimi Agosti, tulipokwenda kutembea Wasini, amekaa ukingoni na bahari nyuma yake. Bahari imetoka. Mawingu yametoka, na hata kunguru aliyepita ametoka. Shangazi Nadhira ametoka mweusi ti, buibui lisilo na mtu ndani.

Shangazi Hasina aliitazama muda mrefu. "Nimeanza kuusahau uso wake, Asiya," akasema. "Juzi nimeamka nikautafuta. Nikapata leso yake, nikapata sauti. Uso sikuupata."

Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Kamera hii alinipa ndugu yangu Farhan alipokuja kutoka Muscat miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nimetembea nayo kila Jumapili kama mtalii, nikipiga kila kitu na kujisifu, na sijui hata kitufe kimoja isipokuwa kile cha kubonyeza. Basi naandika ili nisitoroke: masika haya nitajifunza. Kabla ya Idd ya kuchinja nitakuwa nimempa Shangazi uso wa ndugu yake, sijui vipi.

Jumapili, 6 Aprili

Tumekwenda Tiwi na tuktuk ya Jumbe, mume wangu, kujaribu. Jua kali, mchanga mweupe hata macho yanauma. Nimepiga picha arubaini na zote mchanga umetoka wa kijivu.

"Watu wanapanda ndege kuja kuona mchanga mweupe," Jumbe akasema, "wewe umewamwagia saruji."

Sikumsemesha mpaka Ukunda.

Tuliporudi tukapitia kwa Shangazi. Alipomwona Jumbe mlangoni akakisogeza kijaluba chake cha tambuu chini ya mto. Hayo ni mambo ya tangu mwaka jana. Hicho kijaluba cha shaba kilikuwa cha Shangazi Nadhira. Dada wote wawili walikuwa watafunaji tambuu hodari, mpaka daktari akamwambia Nadhira fizi zake zinakwisha, aache. Akaacha siku ile ile, akakikabidhi kijaluba kwa dada yake mbele yetu sote, na Shangazi Hasina hajachoka kusimulia: "Ndugu yangu aliacha uraibu wa miaka arubaini kwa siku moja!" Lakini haukupita mwezi popoo zikaanza kupungua kijalubani, na Shangazi akaamua mwizi ni Jumbe, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee anayeingia humo ndani. Jumbe hucheka tu. Tangu matanga popoo hazijapungua tena, na Shangazi anasema mkwe wake ameona haya.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Stima imepotea. Suruali tatu za shule, zipu mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetafuta njia ya mkato nikaaibika. Alhamisi niliipeleka picha ya Wasini kwa fundi mmoja wa studio Ukunda. Akaniambia, "Dada, hiyo kazi ndogo, nitamng'arisha." Leo nimeichukua na, nikiwa mjinga, nikampelekea Shangazi kabla ya kuitazama vizuri.

Kumbe kwa sababu uso hauonekani, yeye ameuchora. Pua nyembamba, ngozi nyeupe kama unga wa ngano, midomo ya waridi. Ndivyo wanavyofanya hapa kwa kila mtu, bwana harusi na bibi harusi hutoka weupe mpaka huwajui, na sisi tunalipenda jambo hilo. Nilikuwa nalipenda hata mimi.

Shangazi Hasina akaishika picha kwa ncha za vidole. "Huyu mpeleke kwao. Sisi Mzungu hatukuzaa."

Kisha akacheka, mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona macho yake yamejaa.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nimepata mwalimu, na sikumpenda.

Amekuja na suruali ya kupunguza kiuno. Jina lake Purity, kwao Murang'a, anawapiga picha wageni katika hoteli moja ya Diani. Akaingia akitafuna chingamu, akasema "Sasa!" kana kwamba tumesoma darasa moja. Mimi nina umri wa mama yake mdogo. Nikamjibu "Salama" kavu.

Akaona picha za Tiwi kwenye simu yangu. "Aki, mbona umezichoma hivi?"

"Umekuja kwa picha au kwa kiuno?"

"Nisamehe, mum. Lakini nikuonyeshe kitu kimoja tu."

Akachukua kitambaa cheupe cha kanzu mezani, akakipiga picha na kamera yangu. Kikatoka kijivu. Akachukua buibui jeusi, akalipiga. Likatoka kijivu. Nikasogea.

"Kamera haina akili," akasema. "Inadhani dunia yote ni grey. Ukiionyesha mchanga mweupe, inasema mwanga umezidi, inapunguza. Ukiionyesha mtu amevaa buibui, inasema giza, inaongeza, sura inachomeka. Kazi yako ni kuiambia ukweli. Uko na hiki kitufe cha plus na minus. Vitu vyeupe, ongeza. Vyeusi, toa."

Akakibonyeza, akapiga tena kile kitambaa. Kikatoka cheupe, na mistari ya sindano yangu inaonekana mmoja mmoja. Miaka miwili nimekibeba kitufe hicho shingoni!

Nikamwuliza kuhusu Wasini. Akaeleza: bahari iliyong'aa iliitisha kamera, ikapunguza kila kitu, na Shangazi akaangamia pamoja. Tumepatana. Yeye atanifundisha kila Jumapili akiwa hana wageni, mimi nitamshonea.

Bado sipendi ile chingamu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimempiga picha kuku mweupe wa jirani mara kumi na moja. Nimeongeza, nikaongeza, mpaka akatoweka, ikabaki sauti yake tu. Nimejifunza kwamba kuongeza nako kuna mwisho.

Jumapili, 27 Aprili

Mkongani! Naiandika kwa herufi kubwa ndani ya moyo wangu.

Tulitaka kuahirisha kwa sababu ya mawingu, Purity akakataa. "Hayo mawingu ndiyo tunataka." Jumbe akatupakia, tukapanda hadi kwa Eunice, rafiki yangu anayeniletea mahindi mabichi, na tukamkuta shambani akipalilia. Hakukuwa na kivuli chini ya kofia yake wala mng'aro usoni. Mwanga wote ulikuwa mpole, umelala juu ya kila kitu sawasawa. Nikamweka mbele ya mgomba, nikatoa kidogo kwa sababu ya blauzi yake nyeusi, nikapiga.

Eunice akapangusa udongo mkononi, akaishika kamera. "Huyu ndiye mimi? Mbona hamkuniambia nina macho mazuri?"

Mume wake akachungulia begani, akasema, "Nilikuambia mwaka wa tisini na nane ukakataa kusikia."

Nimerudi nikiimba. Weusi wa ngozi ya Eunice ulitoka na rangi zake zote, kahawia na wekundu kidogo kwenye mashavu, na sikumng'arisha hata chembe. Sijui kwa nini tulikuwa tukiwaondolea watu kitu kizuri kama hicho.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika kwa utaratibu.

Leo mvua ilitufungia kibandani, kwa hiyo Purity akafungua kompyuta yake anifundishe kuhariri. Akachomeka kadi yangu. "Wow, uko na raw! Kila picha unahifadhi mbili!"

Nikamwambia najua, na hizo za pili ndizo zinazonijazia kadi. Hazifunguki kwenye simu. Kila mwezi huketi nikazifuta.

Purity akaacha kutafuna.

Akanieleza polepole. Ile picha ninayoiona kwenye simu imepikwa na kamera, chumvi na nazi vimeshatiwa. Ile ya pili ni mbichi, ina yote ambayo jicho la kamera lilipokea, hata yaliyo gizani. "Ya giza unaweza kurudisha," akasema. "Iliyochomeka ikawa nyeupe, hiyo imeenda."

Hapo nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu. Giza ni pindo. Kitambaa kimo ndani, ukifumua nguo inapanuka. Mwanga uliozidi ni mkasi. Na mimi, fundi wa miaka ishirini, nimekuwa nikiyakata mapindo nikiyatupa.

"Ya Wasini ulifuta?" akauliza.

Sikujua. Nikampigia Farhan. "Nilikuwekea hivyo makusudi," akasema kutoka Muscat. "Asiya, usiniambie umezifuta."

"Nilidhani takataka!"

"Ya Allah."

Nilikumbuka jambo moja. Siku ya Wasini kadi ilijaa tukiwa huko huko, nikaitoa nikatia nyingine. Ile iliyojaa sikumbuki niliiweka wapi. Nilifuta za kadi gani? Tumepekua kila kitu. Jumbe ameinua cherehani peke yake. Nimefungua robota za vitambaa za tangu kabla ya korona. Purity, masikini, ametambaa chini ya meza na suruali yake mpya, akatoka na utando wa buibui kichwani na pini mia. Hakuna.

Magharibi ilipoingia nikaenda kumwambia Shangazi ukweli. Nililia. Alikuwa anakata popoo kwa mkasi wake mdogo, hakuacha.

"Kitu chenyewe kikubwa kiasi gani?"

"Kama ukucha wa kidole gumba."

"Tangu una miaka saba kila kitu kidogo ulikuwa ukikitia kwenye kopo la vifungo. Hereni zangu ulizitia humo. Jino lako la kwanza ulilitia humo. Umetazama kwenye kopo la vifungo?"

Sikuwa nimetazama kwenye kopo la vifungo.

Ilikuwamo, kati ya vifungo vya kanzu na kulabu za sidiria. Naandika haya ikiwa mezani mbele yangu chini ya kikombe, isije ikaruka. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Jumatatu, 5 Mei

Sikushona kitu. Wateja wawili wamekasirika.

Jumapili, 11 Mei

Picha mbichi ya Wasini imo! Nilipoliona jina lake tu nikapiga kelele, Jumbe akaja na nyundo akidhani nyoka.

Kisha nikaharibu. Nikausukuma mwanga mpaka mwisho, na uso ukatokea wa majivu, umejaa chengachenga kama televisheni ya zamani, na bahari ikalipuka yote.

"Rudisha nusu," Purity akasema. "Halafu nusu ya hiyo nusu. Usifungue nyumba nzima, fungua dirisha la huyo mama peke yake."

Programu ile inakuruhusu kupaka mwanga kwa kidole mahali unapotaka tu. Ninahitaji mkono mwepesi. Purity ameniwekea nyingine ya bure kwenye simu, nifanye mazoezi kwa picha nyingine kwanza. "Wa Wasini usimguse mpaka mkono utulie," akaniambia, na mimi nikamjibu "Ndiyo, mwalimu," bila mzaha.

Alipokuwa anaondoka alipita kwa Shangazi. Nimesikia kwa masikio yangu: "Shikamoo, Bibi." Chingamu ilikuwa mkononi.

Jumapili, 18 Mei

Msambweni, mimi na Jumbe. Mama mmoja anakaanga mihogo mlangoni, nusu kivulini, nusu juani. Nikalinda jua lisichomeke, nikamwacha yeye awe giza kidogo. Nyumbani nikalifumua pindo. Akatoka mzima, na moshi wake, na pete yake. Jumbe alitazama, akasema, "Hii hata mimi naisikia harufu," na safari hii hakutania.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Mazoezi. Nusu ya nusu.

Jumapili, 25 Mei

Nimemwona.

Nilianza baada ya chai, Purity kando yangu, mikono ameikalia asije akaingilia. Nikapaka kidogo kwenye paji. Nikangoja. Kidogo kwenye macho. Nyusi zikaja, ile ya kushoto imekatika palepale ilipokuwa imekatika. Kisha pua yake, pana, yake hasa. Kisha nikaona anacheka. Alikuwa ananicheka mimi siku ile na mimi nilikuwa nahangaika na kunguru! Nilimjua Shangazi Nadhira kama mtu wa amri, mwenye kunipima mshono kwa rula. Sikumbuki kama aliwahi kunichekea hivi.

Lakini shavu la kulia lilikuwa limevimba, na pembeni mwa mdomo palikuwa pekundu. Nikadhani rangi zimezidi, nikazipunguza. Bahari ya nyuma ikafifia, wekundu ukabaki.

"Ni lipstick?" Purity akauliza.

Si lipstick. Niliinua kidole changu kwenye simu. Ilikuwa tambuu, tena donge zima. Agosti! Miezi mitatu tangu akabidhi kijaluba mbele ya watu. Ndiyo sababu mwaka ule alizidi kuziba mdomo kila akiona kamera, na siku ile aliniachia kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake, akadhani sitaona kitu. Na kweli sikuona.

Purity alisema naweza kuliondoa hilo shavu kwa kugusa mara mbili. Akanionyesha. Akagusa, likalainika, wekundu ukatoka. Shangazi akabaki nadhifu, anatabasamu kama mtu wa kwenye kalenda.

Sijui nifanye nini. Shangazi Hasina amewasimulia watu wa Mwabungo wote. Kumsitiri maiti ni wajibu. Na yeye ameomba uso tu, hakuomba habari.

Jumapili, 1 Juni

Nimeliondoa. Nimelirudisha. Nimeliondoa. Jumbe ameuliza kwa nini sili, nikamwambia nimevimbiwa na mihogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekuwa nikizitazama zote mbili kwa siku nne. Ile laini ni nzuri, lakini nikiitazama sana naanza kumwona yule mwanamke wa studio. Yule alichorwa kwa ujinga, huyu ninamchora kwa heshima, na wote wawili si Nadhira. Shangazi alisema amepoteza uso. Nikimpa uso usiokuwa wake, atausahau ule mwingine kabisa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemsahaulisha. Nitampa wa kweli na nitakubali matusi.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Mvua ilipisha asubuhi, watu wakaswali pakavu. Baada ya nyama kugawiwa nikaingia kwa Shangazi Hasina na picha niliyoichapisha, kubwa kama sahani, ndani ya bahasha. Purity yuko jikoni, amefungwa leso na wanawake, anapasua nazi vibaya.

Shangazi akaitoa. Akaipeleka dirishani. Nilihesabu pumzi zangu.

"Nadhira," akasema, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Akagusa nyusi iliyokatika. "Nadhira wangu. Pua ya baba hiyo." Machozi yakamtoka bila sauti, na bado anatabasamu, na mimi nikaanza kupumua.

Kisha akaisogeza karibu zaidi.

"Ana nini shavuni?"

Nikaikunja bahasha.

"Asiya. Ana nini shavuni?"

"Shangazi, hiyo ilikuwa Agosti."

Akatazama picha. Akatazama kijaluba. Akatazama picha. Kisha Shangazi Hasina, mwenye miaka sabini na mmoja, akacheka mpaka akakaa chini, leso ikamwanguka, Purity akaja mbio na nazi mkononi.

"Mwizi!" akawa anaiambia picha. "Mwizi mkubwa wewe! Popoo zangu! Na mimi nazificha chini ya mto! Ndugu yangu aliacha kwa siku moja, ndugu yangu aliacha!" Akajipiga paja. Kisha akaketi wima. "Jumbe. Niitieni Jumbe."

Jumbe akaingia akipangusa damu ya mbuzi mikononi. Alipokiona kijaluba katikati ya mkeka akarudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "nimekudhulumu. Niwie radhi. Mwizi ni huyu hapa."

Jumbe akaitazama picha. Alitabasamu, lakini hakushangaa, na mimi ndiye niliyeona.

"Ulijua," nikamwambia.

Akajikuna shingo. "Nilimfumania siku moja, mkono umo ndani. Akanishika kanzu, akasema, Jumbe, usinitaje, dada atanionea huruma, na mimi sitaki kuonewa huruma. Sasa ningemwumbua mtu mzima?"

"Na matusi yangu yote?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, matusi ya mkwe ni baraka."

Miaka kumi na minne nimelala na mtu huyu nikidhani najua mizaha yake yote ni ya nini.

Shangazi hakutaka nimguse Nadhira tena. Nilipomweleza kwamba lile shavu linaweza kulainishwa, alinitazama kama nimetaja kumfufua ili nimpige. Ameiegemeza picha ukutani karibu na kitanda, akasema sasa atakuwa anamgombeza kila asubuhi.

Kisha akavaa buibui lake jipya nililomshonea, akatoka akakaa kwenye kizingiti, akafungua kijaluba. Akatengeneza tambuu polepole, jani, chokaa, popoo, akaitia shavuni, lile lile la kulia.

"Haya," akasema, mdomo umejaa. "Nipige na mimi. Tufanane."

Nikapunguza mwanga kidogo kwa ajili ya buibui, nikapiga magoti kwenye tope, nikangoja acheke.